Uchambuzi wa Lichess kwa mchezo wa gambiti ulioisha sare

Lichess ni huduma ya sataranji ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na mpaka leo haitozi ada wala haionyeshi matangazo, kwa kuwa inaendeshwa kwa michango. Nimeipima kwa kazi ambayo naiona ngumu kuliko zote, yaani kuchambua mchezo wa mashindano ulioanza kwa Gambiti ya Benko na kuisha sare.

Katika gambiti hiyo (1.d4 Nf6 2.c4 c5 3.d5 b5) Mweusi hutoa askari mmoja mapema ili ngome zake zimiliki safu za a na b, na shinikizo hilo huendelea hata malkia wakishaondoka ubaoni. Stockfish, injini ya uchambuzi, humpa Mweupe faida tangu mwanzo, na anayetazama grafu ya makadirio yake peke yake ataamini kwamba Mweusi aliponea chupuchupu. Sikubaliani na usomaji huo. Tarakimu ya faida inayotolewa na injini inachukulia kwamba kila upande utajibu kwa usahihi wa injini, wala haipimi taabu ya binadamu anayelinda askari wa Mweupe wa a2 na b2 kwa pamoja huku saa yake ikizidi kuisha.

Ndiyo maana ninathamini zaidi hifadhi ya michezo ya mabingwa, yaani wachezaji wenye kiwango cha 2200 na kuendelea cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ambayo kwa kila hatua huonyesha michezo mingapi iliisha kwa ushindi wa upande mmoja na mingapi ilitoka sare. Humo mtu anaona namna gambiti inavyofanya kazi mikononi mwa watu.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni tamati. Mweupe alipobaki na ngome na askari wawili dhidi ya ngome na askari mmoja, kete zilikuwa saba pamoja na wafalme, na hapo majedwali ya Syzygy, yaani hifadhidata yenye matokeo ya uhakika ya kila hali ya kete saba au pungufu, hayakadirii kama injini: yanataja hatua zinazohifadhi sare na zile zinazoipoteza. Kwa mchezaji wa gambiti, ambaye mara nyingi hulazimika kuishi na upungufu wa askari hadi mwisho, msaada huu ni mkubwa mno.

Pungufu ninaloliona ni maelezo. Huduma huweka alama penye kosa na kupendekeza hatua bora, lakini sababu ya kimkakati haiandikwi, hivyo anayeanza atahitaji mwalimu au mchezaji mzoefu kando yake.