Wakala wa viza ya Schengen jijini Mwanza: kazi aliyoifanya na ile iliyobaki kwangu

Nauza dagaa kwa jumla katika mwalo wa Kirumba, na kwa miaka kumi na minne ya biashara hiyo karatasi zangu zote nimezijaza mwenyewe. Nilipoalikwa na rafiki anayeishi Würzburg, mji wa Ujerumani ambao umekuwa na udugu na Mwanza tangu mwaka 1966, niliona heri nimlipe mtu anayeijua kazi hiyo, kwa sababu ada ya viza hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Ofisi niliyoiendea iko ghorofani, katikati ya jiji, na bango lake linasema kwamba inashughulikia viza za nchi zote. Walinitoza shilingi 350,000, mbali na ada ya viza yenyewe, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Jina la ofisi naliacha, maana nina mema na mabaya ya kuisema.

Mema karibu yote ni ya binti aliyenipokea. Kabla hajagusa fomu aliniuliza nitalala wapi na kwa siku ngapi. Nilikuwa nimepanga siku tisa Ujerumani na siku tatu Paris, naye akanieleza kwamba viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, katika ule wa nchi utakayoingia kwanza. Kwa hiyo maombi yangu yalikuwa ya Ujerumani hata kama ndege ingetua Paris. Aliikagua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akahakikisha kwamba imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, kwamba itaendelea kutumika kwa miezi mitatu baada ya mimi kuondoka Ulaya, na kwamba ina kurasa mbili tupu. Picha zangu alizikataa. Nilizipiga zikiwa na ile rangi ya bluu nyuma ambayo studio zetu zinaipenda, ilhali zilitakiwa za milimita 35 kwa 45, zenye rangi moja iliyofifia nyuma yake.

Kazi ilikuwa ngumu tulipofika kwenye taarifa ya benki. Wafanyabiashara wa mwaloni tunaelewa jambo ambalo afisa wa viza hawezi kulijua kwa kutazama tarakimu tu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hupumzika, hivyo kila mwezi nina siku saba hadi kumi ambazo hakuna shilingi inayoingia, kisha fedha zinamiminika kwa mkupuo. Tena nyingi hupita kwenye simu au mkononi, zisifike benki kabisa. Mwenye ofisi aliitazama taarifa hiyo, akacheka, akasema, "Mama, akaunti yako inapumua kama mgonjwa." Ushauri wake ulikuwa kwamba amtafute mtu wa kuniwekea shilingi milioni 15 kwa wiki tatu, nami nimlipe asilimia kumi. Nilikataa, na ningemkataza yeyote kukubali. Fedha nyingi zinazotokea siku moja bila asili ndizo zitakazoulizwa kwanza, na fomu ya kukataliwa ina sababu zilizochapwa tayari, mojawapo ikiwa kwamba maelezo ya mwombaji kuhusu safari yake hayaaminiki. Sikuona kwa nini nilipie uongo wakati biashara yangu ni ya kweli.

Binti yule ndiye aliyelipatia ufumbuzi. Aliniambia nilete leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na uthibitisho wa kodi niliyolipa, mkataba wa pango la ghala, pamoja na miamala ya simu ya miezi sita yenye muhuri wa kampuni. Kisha tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza ikieleza habari ya mwezi na giza, tukapiga mstari kwenye taarifa ya benki chini ya kila kipindi cha ukimya ili msomaji aone kwamba vinajirudia kwa mpango. Barua hiyo peke yake naiona ina thamani ya nusu ya fedha nilizolipa.

Nusu iliyobaki ninaidai. Bima ya safari waliyoninunulia ilikuwa na kikomo cha chini ya yuro 30,000, kiwango ambacho kanuni za Schengen zinakitaka, na niligundua hivyo mwenyewe nikisoma maandishi madogo usiku wa kuamkia safari ya Dar es Salaam. Nilinunua nyingine kwa fedha yangu. Walinitoza pia shilingi 80,000 za "kupata miadi", ilhali miadi yenyewe haikuwa na malipo. Lililoniudhi kuliko yote ni ahadi yao kwamba kila kitu kingemalizikia Mwanza. Anayeomba kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Zikishachukuliwa, maombi mengine yanaweza kuzitumia zilezile ndani ya miezi 59. Basi nilipanda basi Nyegezi kabla ya jua kuchomoza, tukapita Shinyanga, Singida na Dodoma, nikaingia Dar es Salaam usiku nikiwa na miguu iliyovimba. Kurudi nilipanda ndege, mwendo wa kama saa moja na nusu, na gharama hiyo haikuwamo katika hesabu niliyopewa pale ofisini.

Tiketi ya kwenda Ulaya sikuinunua mapema, ingawa mwenye ofisi alinisukuma niinunulie kwake. Nafasi iliyowekwa bila kulipiwa ilitosha. Kanuni inatoa siku 15 za kushughulikia maombi, na zinaweza kufika 45, kwa hiyo nilikuwa nimeanza miezi mitatu kabla. Pasipoti yangu ilirudi baada ya siku kumi na mbili ikiwa na viza. Tarehe zilizoandikwa juu yake zilikuwa na nafasi kubwa kuliko siku nilizoruhusiwa kukaa, na binti aliniambia kwa simu nihesabu siku, nisihesabu tarehe.

Katika nyota tano naipa ofisi hiyo tatu, mbili na nusu zikiwa za huyo binti. Mdogo wangu anataka kwenda Italia mwakani. Nimempa namba ya simu ya binti huyo, nikamwambia amlipe kwa kupanga karatasi tu, na bima aisome mwenyewe kabla ya kuilipia.