Huduma ya bweni wakati wa korona: tathmini ya mzazi kuhusu shule moja ya Moshi

Shule zilipofunguliwa tena Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020, baada ya kufungwa tangu katikati ya Machi, nilimrudisha binti yangu wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana iliyoko kwenye miinuko ya juu ya mji wa Moshi. Mdogo wake anajiunga na shule hiyohiyo mwaka huu, na wazazi wenzangu wa hapa Arusha wameniuliza mara nyingi ilivyowalea watoto wetu kipindi kile. Jina la shule sitalitaja, kwa sababu ninayo pia malalamiko.

Getini tulikuta ndoo zimewekwa juu ya stendi za vyuma zenye pedali mbili: ukikanyaga ya kwanza maji yanatiririka, ukikanyaga ya pili sabuni inadondoka kiganjani, bila mkono kugusa koki ambayo wengine mia wameigusa. Ndoo za namna hiyo zilikuwepo pia kwenye mlango wa bwalo, jambo lililokuwa la maana zaidi, kwa sababu wanafunzi walilazimika kupita hapo mara tatu kwa siku wakitaka wasitake.

Hata hivyo, kazi iliyonipa imani na shule ile ilifanyika bwenini. Vitanda vya deka vilisogezwa kadiri chumba kilivyoruhusu, na kwa kuwa nafasi haikutosha, wasichana waliagizwa kulala mzungu wa nne, yaani kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake wa kitanda cha jirani, ili wasipumuliane usoni usiku kucha. Madirisha ya juu yaliachwa wazi hadi asubuhi. Wanaoijua Moshi ya Julai, pale upepo wa mlimani unaposhuka baada ya magharibi, wataelewa kwa nini wazazi kadhaa walilalamika, na mimi nilikuwa mmojawapo. Matroni alitujibu kwa upole kwamba ugonjwa huu husambaa kwa urahisi zaidi katika chumba kilichofungwa, hivyo ni afadhali tulete blanketi la pili kuliko yeye kufunga madirisha. Nilipeleka blanketi. Leo naona yule mama alikuwa sahihi kabisa, na kwamba madirisha yale, ambayo mgeni asingeyatambua hata kidogo, huenda yaliwakinga watoto kuliko ndoo zote za getini.

Bwaloni walikula kwa zamu, bweni moja baada ya jingine, na wasichana waliolala pamoja ndio waliokula pamoja na kukaa pamoja wakati wa kujisomea jioni. Utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa, kwani mmoja akiugua ilijulikana mara moja nani amekaa naye karibu. Tatizo ni kwamba zamu ya mwisho ilikuta uji umepoa na makande yamebaki ya chini ya sufuria, na ilichukua karibu mwezi mzima kabla shule haijaanza kubadilisha mpangilio wa zamu kila wiki. Kuhusu nyungu, ambayo mwaka ule ilipigwa katika nyumba nyingi kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, uongozi ulikataa kabisa sufuria za maji ya moto kuingia bwenini kwa kuhofia watoto kuungua. Niliunga mkono uamuzi huo.

Malalamiko yangu ni ya mawasiliano. Siku ya kutembelea wanafunzi ilifutwa, na hilo nalikubali. Vifurushi viliachwa kwa mlinzi, na hilo nalo nalikubali. Lakini simu ya kuzungumza na watoto ilikuwa moja tu, ya matroni, kwa mabweni yote. Mwezi wa Agosti binti yangu alipata homa akahamishiwa chumba cha wagonjwa, nami nikapata habari siku ya tatu kutoka kwa mzazi mwingine. Ilikuwa malaria, alitibiwa vizuri na akapona. Nilipouliza kwa nini sikupigiwa, nilijibiwa kwamba hawakutaka kuzua taharuki. Jibu hilo liliniumiza, kwa sababu mzazi aliye umbali wa kilomita themanini, katika mwaka ambao kila homa ilitiliwa shaka, hatulizwi kwa kunyamaziwa. Muhula uliofuata walianza kutuma ujumbe mfupi jioni ya siku ileile mtoto anapougua, na tangu hapo hawajaacha.

Kwa malazi na usafi naipa shule hiyo alama za juu bila kusita. Kwa mawasiliano ya mwaka 2020 naipa alama za chini, ingawa nakiri kwamba imejirekebisha. Nilipokwenda kumwandikisha mdogo wake, niliomba kuoneshwa bweni na nikakuta madirisha ya juu bado yana vijiti vya kuyazuia yasijifunge. Kwenye fomu ya kujiunga niliandika kwa mkono namba tatu za simu, pamoja na sharti la kujulishwa siku ileile mtoto anapolazwa, na matroni akatia saini pembeni.