Pedi na diski za breki Dar: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kama mwezi huu una uwezo wa kuweka kitu kimoja tu kizuri kwenye gari, weka pedi za mbele. Ukikanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Na Dar kazi hiyo haina mapumziko. Kimara hadi Ubungo ni kukanyaga na kuachia, Barabara ya Mandela una lori mbele na lori nyuma, na bodaboda huchomoka kushoto bila taarifa. Watu wananunua redio na rimu kwa umakini mkubwa, halafu pedi anatumwa kijana wa gereji akalete "zozote zinazoingia". Hilo linaniuma.

Mpangilio wangu unalenga magari tunayoendesha wengi: IST, Vitz, Premio, Raum, Noah, Harrier, X-Trail.

Pima kabla hujaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani

Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa kama milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bati la nyuma. Ikifika milimita 3, nunua. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachokwaruza diski na kupiga mluzi zinapokaribia kuisha, lakini usikitegemee sana, maana hukatika, na baadhi ya pedi za bei rahisi hazina kabisa. Fundi afungue tairi na atazame pedi zote mbili, ya nje na ya ndani. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, mara nyingi pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekwama. Hapo ukibadili pedi bila kusafisha pini umetupa hela.

Diski nayo hupimwa, haikisiwi. Kwenye chuma chake kumegongwa maandishi MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa, na kwa magari mengi madogo hauko mbali na unene wa diski mpya, ni tofauti ya kama milimita 2. Pima pale pedi inapogusa. Ukingoni hubaki kibonge ambacho hakijaliwa, na kipimo kikishika hapo kitakudanganya kwamba diski ni nzima.

Nenda na namba, usiende na jina la gari

Ukisema dukani "naomba pedi za IST" umeacha mlango wazi. IST kuna NCP60, kuna NCP61, kuna NCP110 ya toleo jipya. Muuzaji akikosa yako atakwambia "hizi zinaingiliana, bosi". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine fundi huishia kuzipunguza pembeni kwa grenda ili ziingie, na pedi iliyolazimishwa huvuta upande mmoja au hukwama.

Piga picha ya kibati cha chesisi, kisha utafute namba ya spea. Kwa Toyota, pedi za mbele huanza na 04465, pedi za nyuma 04466, breki shuu za nyuma 04495, na diski za mbele 43512. Ukitaja namba kamili, mazungumzo na muuzaji yanabadilika hapo hapo.

Pedi, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa pedi za kampuni zinazotengenezea viwanda vya magari, zikiwa kwenye boksi la kampuni yenyewe. Kwa magari ya Kijapani tafuta Advics, Akebono au Nisshinbo, na kwa ya Kijerumani tafuta ATE au Textar. Advics ilianzishwa 2001 na kampuni za kundi la Toyota pamoja na Sumitomo, na Akebono ipo tangu 1929. Unapata ubora wa kiwandani bila kulipia nembo ya gari.

Ya pili ni pedi zenye nembo ya Toyota au Nissan kutoka kwa wakala rasmi. Kwa ubora hazina shida. Nimezishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu boksi la Toyota huigwa sana. Mtu akikuuzia "orijino" barabarani kwa bei ya chini ya nusu ya bei ya wakala, amekuuzia boksi. Tazama maandishi yaliyofifia, namba ya boksini isiyolingana na ya kwenye bati la pedi, pedi nne zisizofanana rangi. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka na bidhaa. Muuzaji anayekwepa kutoa risiti kwa kitu cha usalama, mwache. Ukibaini feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Ya tatu ni kampuni za kati zinazojulikana, kama Hi-Q ya Sangsin kutoka Korea. Kwa dereva wa Bolt anayebadilisha pedi mara kwa mara, hili ni chaguo la maana kabisa, na mimi ningemshauri hivyo bila wasiwasi.

Ya nne, ambayo sishauri, ni zile zisizo na jina la kueleweka. Kabla ya kuzikataa au kuzikubali, geuza pedi usome ubavuni. Pedi nyingi zenye mtengenezaji makini huandikwa herufi mbili za msuguano, mfano FF au GF. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni ya hali ya kawaida, ya pili ni pedi ikiwa imepata moto sana. Kwa hiyo FE inakuambia kwamba breki italegea ikichemka. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, lakini pedi isiyo na herufi, namba wala jina haina hata mtu wa kumlaumu.

Pedi hizo zinanitisha kwa jambo jingine pia, asbesto. Ulaya iliifungia 2005, lakini si dunia nzima imefanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wetu wana mazoea ya kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, tena kijana wa kujifunza kazi akiwa amechuchumaa pale pale. Mwombe fundi alimwagie vumbi hilo maji kwanza na kulifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Ni mapafu ya watoto wa watu.

Pedi zilizotumika, hata zikiwa nene, sizipi nafasi yoyote.

Kuhusu aina: kwa mizunguko ya mjini chukua za seramiki au oganiki, ambazo ni kimya na hazili diski haraka. Magari mengi ya Kijapani yalitoka kiwandani na za oganiki. Nusu-metali ni za Noah inayojaa abiria, Hiace, na yeyote anayekwenda Mbeya mara kwa mara, kwa kuwa ukirudi Dar unaushuka mlima Kitonga na breki zinapata moto wa kweli. Kushuka pale unatumia gia ndogo kwanza, pedi iwe ya aina yoyote.

Diski

Diski mpya ya kawaida, laini, yenye njia za hewa katikati, ndiyo ya kwanza. Zinunuliwe mbili, kushoto na kulia, hata kama moja inaonekana nzima.

Ya pili ni kuchonga zako kwenye mashine, iwapo baada ya kuchongwa zitabaki juu ya MIN TH. Nasema mashine. Kusugua diski kwa grenda huku inazunguka kwenye gari si kuchonga, ni kuharibu. Ya tatu ni diski za mtumba kutoka Japani. Hizi zinakubalika ukizipima mwenyewe na usione ufa wala kutu iliyochimba. Zenye matundu na mistari ya urembo ziache, kwenye foleni hazikuongezei kitu, na matundu ndipo nyufa huanzia.

Usisahau mafuta ya breki. Hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, DOT 4 kwa 230, na zikishanyonya maji viwango hivyo hushuka hadi kama 140 na 155. Badilisha kila baada ya miaka 2, ununue chupa iliyofungwa.

Siku ya kufunga

Fundi asugue kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kabla ya kuvalisha diski. Chembe ya kutu pale nyuma huifanya diski iyumbe, usukani utetemeke, na wewe urudi dukani kugombana bure. Pini zipakwe grisi ya silikoni maalumu ya breki, kwani grisi ya beringi huvimbisha raba. Kabla hujatoka gereji kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara tupu asubuhi ya Jumapili, kimbia 50 au 60, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, na urudie kama mara 10 ukiiachia breki nafasi ya kupoa katikati. Kwa kilomita 200 hivi za mwanzo usikanyage kwa nguvu isipokuwa pale inapobidi, na kesho yake kazeni tena nati za tairi.