Tinti ya gari kwa jua la Tabora: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana husimama utosini Tabora. Mji uko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huupita juu kwa juu mara mbili kwa mwaka: Machi, wakati mawingu ya mvua yanamsitiri dereva, na Oktoba, wakati mvua bado haijashuka na vumbi limetanda kila mahali. Hapo ndipo wenye magari hukumbuka tinti, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu vumbi ni adui wa gundi. Ukiweza, peleka gari mvua za kwanza zikishatuliza ardhi. Usipoweza, soma hadi sehemu ya fundi kabla hujatoa fedha.

Ombi linalosikika zaidi dukani ni "niwekee nyeusi kabisa". Anayeomba hivyo anataka ubaridi, ila anachonunua ni giza. Katika nguvu ya jua inayotufikia, karibu nusu ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni ila ngozi inaisikia. Mwanga tunaouona ni asilimia arobaini na kitu, na mionzi ya UV, ile inayopausha viti na kupasua dashibodi, ni asilimia chache tu. Karatasi ya tinti, yaani ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye kioo, ikiwa ya bei rahisi hukata mwanga na kuiachia infraredi ipite. Unakaa gizani na mkono wa kulia bado unaungua. Kwa upande wa UV, karatasi yoyote yenye ubora huizuia kwa asilimia 99, hata ile nyeupe inayokaribia kutoonekana.

Halafu kuna namba. Tinti ya 5, 20, 35, 50 au 70: hiyo ni asilimia ya mwanga inayopita, kwa hiyo namba ndogo ndiyo nyeusi zaidi. Ambacho wauzaji hawakisemi ni kwamba kioo cha gari chenyewe hupitisha takriban asilimia 75 tu kabla hujabandika kitu. Unazidisha, hutoi. Karatasi ya 35 juu ya kioo cha 75 inakupa 26. Karatasi ya 20 inakupa 15. Ukiweka ya 20 kwenye mlango wa dereva, halafu ukatoka Sikonge saa mbili usiku, baiskeli ya mkaa isiyo na taa utaiona ikiwa imeshafika ubavuni.

Tunavyozipanga

Nafasi ya kwanza tunaipa kaboni, 35 kwa milango ya nyuma na kioo cha nyuma, 50 au 70 kwa milango ya mbele. Weusi wake unatokana na chembe za kaboni, hivyo haugeuki zambarau hata jua lipige miaka. Haing'ai, haisumbui simu wala redio, na inapunguza infraredi kwa kiasi cha kuhisi. Udhaifu wake ni kwamba hufyonza joto badala ya kulirudisha: gari likisimama juani kioo huwa cha moto ukikigusa. Likitembea, upepo wa nje hulichukua joto hilo. Kwa IST, Premio au Probox ya mizunguko ya mjini na safari moja moja ya Nzega, hiyo inatosha.

Seramiki, yaani karatasi yenye chembe za kauri, tumeiweka ya pili, na wapo watakaobisha. Kwa kuzuia joto ndiyo bingwa. Seramiki ya 70, ambayo kwa mbali hujui kama ipo, inaweza kuishinda karatasi ya rangi yenye namba 5. Tumeishusha kwa mambo mawili. Bei yake iko juu ya zote, na kwa macho huwezi kuitofautisha na karatasi ya kawaida, hivyo ya bandia huuzwa kwa bei ya halisi. Dawa yake ni kuijaribu. Chukua taa ya infraredi ya kulelea vifaranga, ile ya wati 250, na vipande viwili vya kioo, kimoja kikiwa na sampuli ya karatasi. Weka kioo kitupu kati ya taa na kiganja, kisha chenye karatasi, kwa umbali uleule. Hukumu ndani ya sekunde 10 za mwanzo. Ukikawia, kioo chenyewe kinapata moto na jibu linavurugika. Seramiki ya kweli utaijua papo hapo: ni kama mtu amepita mbele ya jiko. Fundi akikataa jaribio, rudi kwenye kaboni. Akikubali, na kila mwezi unakwenda Dodoma kwa barabara, chukua seramiki na usahau kwamba tumeiita ya pili.

Ya tatu ni karatasi ya rangi. Weusi wake ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na hazifi kwa kasi moja. Zile za kwanza zikishaungua kinachobaki ni zambarau. Hata hivyo zinatofautiana. Lowesha pamba kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha, sugua upande wa gundi wa kipande kidogo. Pamba ikitoka nyeusi na karatasi ikabaki nyeupe, rangi ilikuwa kwenye gundi tu, hiyo iache. Ambayo rangi imo ndani ya plastiki yenyewe inafaa kwa gari unalotarajia kuliuza karibuni.

Karatasi yenye metali inashika nafasi ya nne. Hurudisha joto vizuri, hilo hatulikatai, ila hung'aa kama kioo cha kujitazamia na hufifisha mawimbi ya redio, ya simu na ya kifaa cha kufuatilia gari. Magari mengi ya Japani yana nyaya za antena ndani ya kioo cha nyuma au cha ubavuni, na ukizifunika kwa metali redio inaanza kukoroma. (Kabla hujamgombeza fundi, angalia redio yenyewe: ya Japani imetengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Hiyo si kosa la tinti.) Kwa ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji kuna tatizo jingine: unyevu ukiingia kwenye kingo, metali huanza kuliwa na kutu taratibu kuelekea katikati.

Mkiani ziko karatasi zisizo na jina wala namba kwenye boksi, na rangi za kupuliza. Hizo hazina nafasi. Kama fedha ndiyo shida, vipazia vya nyavu vya kubandika kwa mpira ni ununuzi wa akili kuliko tinti mbovu, na ukivichoka unavitoa kwa mkono.

Gari lililokuja na vioo vyeusi nyuma

Noah, Harrier, RAV4 na nyingi nyinginezo hutoka Japani vioo vya nyuma vikiwa vyeusi tayari. Weusi huo umo ndani ya kioo, haukwanguki, na kazi yake ni stara. Joto unalizuia kidogo tu. Kioo kinachopitisha 20, ukikibandikia karatasi ya 35, umebaki na 7. Kurudi nyuma na gari hilo usiku ni kubahatisha. Kwa vioo hivyo nunua seramiki ya 70 peke yake, au uviache.

Kioo cha mbele kiachwe wazi. Kama kina ufa, hata mdogo kama punje ya mchele, usiruhusu mashine ya joto ikisogelee. Ufa utakimbia mpaka ukingoni. Kuhusu vioo vya milango ya mbele, pita kwa polisi wa usalama barabarani uulize kabla ya kulipia, maana atakayesimamishwa njiani ni wewe, si fundi.

Karatasi kiasi gani

Roli kamili huwa na upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30, na yapo mapande yenye upana wa nusu mita. Milango minne ya gari dogo inamaliza kama mita 4 za roli la nusu mita. Kioo cha nyuma kinataka roli pana. Sababu ni hii: karatasi husinyaa kwa joto kufuata urefu wa roli, haisinyai kwa upana. Kioo cha nyuma kimebonyea, hivyo karatasi lazima ilazwe ili isinyae kutoka juu kwenda chini, kingo za kiwandani zikiwa kushoto na kulia. Mwenye roli jembamba hawezi. Atakuwekea vipande viwili vitatu vilivyoungwa juu ya mistari ya kukaushia ukungu, na maungio hayo ndiyo yatakayobanduka kwanza. Uliza mapema: "Fundi, nyuma unaweka kipande kimoja?"

Fundi umtazame wapi

Anza na mahali. Chini ya mwembe pana kivuli kizuri, ila pana vumbi, chavua na wadudu. Unataka chumba chenye mlango unaofungwa, na sakafu iliyomwagiwa maji kabla ya kuanza. Feni isiwe inazunguka.

Chupa yake ya kupulizia iwe na maji safi yaliyochujwa, lita 1 kwa matone 5 hadi 8 ya shampoo ya watoto. Sabuni ikizidi gundi haishiki. Ikipungua karatasi inanasa kabla haijakaa mahali pake. Sabuni ya unga huacha ukungu mweupe usiotoka, na maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa yaleyale.

Kisha tazama mlango mmoja tu, ule wa kwanza, kwa makini. Anafunika swichi za vioo kwa taulo, maana maji yakiingia humo umeongeza gharama ya umeme. Anafuta mipira inayoshika kioo, kwani vumbi lote limejificha humo. Anashusha kioo kama sentimita 1 asafishe ukingo wa juu. Karatasi anaikata na kuipasha joto upande wa nje wa kioo, ikishakaa umbo ndipo anabandua ngozi inayolinda gundi, mkono mmoja ukibandua na mwingine ukipulizia maji bila kuacha. Akibandua pakavu, karatasi hupata umeme tuli na kuvuta kila chembe iliyo hewani. Anaingiza ukingo wa chini ndani ya mpira karibu sentimita 1, anasukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni, na juu anaacha mwanya wa milimita 1 au 2, usizidi 3. Wembe unabadilishwa kila kioo. Kioo kile kisha kinapandishwa, naye anahamia mlango wa pili. Gari dogo zima huchukua saa tatu hadi nne. Anayekuahidi dakika arobaini ameshaamua hatua atakazoziruka.

Kama kuna tinti ya zamani, bei ya kuiondoa muelewane kwanza. Kwenye kioo cha nyuma asiguse wembe: mistari ile ya kukaushia ukungu imepakwa juu ya kioo, ukikwangua umeikata. Inatolewa kwa mvuke, au kwa kulowesha maji ya sabuni, kufunika kwa plastiki nyeusi na kuliacha gari juani saa moja au mbili, kisha kubandua polepole kwa vidole.

Kinachotisha bure na cha kudai

Vifuko vya maji na ukungu siku ya pili si kosa. Vibonyeze: ni laini, vinasogea. Wakati wa kiangazi hukauka ndani ya wiki moja hivi, wakati wa mvua hufika hata siku 30. Usivitoboe kwa sindano. Punje ngumu yenye kijihema kidogo kuizunguka ni vumbi, haitaondoka kamwe. Mbili tatu kwenye kioo zivumilie, ila kundi zima katikati ya macho ya dereva libadilishwe. Mkunjo mwembamba kama kidole ukingoni ni karatasi isiyosinyaa sawa, nao hauponi. Kingo zenye nukta nyeusi za kiwandani zitaonyesha mstari mweupe, kwa sababu nukta zimeinuka kidogo na gundi haifiki kwenye kioo. Hilo ni la kawaida.

Usishushe vioo kwa siku 4, na wakati wa mvua 7. Bandika utepe juu ya swichi, hasa kama gari linabeba watoto. Ndani usisafishe mpaka siku 30 zipite, na baada ya hapo tumia kitambaa laini na maji ya sabuni. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia hula karatasi ya rangi na kulegeza kingo.

Kabla hujaondoka, omba kipande cha karatasi kilichobaki, ukubwa wa kiganja, kikiwa bado na ngozi yake. Andika juu yake namba ya tinti na tarehe, kiweke kwenye droo ya dashibodi. Mlango ukigongwa mwakani na kioo kikabadilishwa, fundi yeyote atakilinganisha nacho akupe weusi uleule.