TAHADHARI: Muuza "sarafu zilizokosewa kiwandani", Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, kuna jamaa anazunguka Mtwara mjini, Mikindani hadi Lindi, na kwenye magrupu ya WhatsApp pia yupo. Anauza shilingi na senti za Afrika Mashariki pamoja na heller, yaani sarafu ndogo za enzi za Mjerumani, akidai ziliharibikia mashineni wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo ni adimu na bei haishikiki. Anakuja pesa za korosho zikishaingia. Mjomba wangu wa Newala ameuziwa shilingi ya simba ya 1952 kwa pesa ya kusomesha mtoto, na imeniuma sana.

Shilingi yenyewe nimeishika. Juu ya mgongo wa simba kuna herufi zilizozama ndani, zimegeuka kama unazisoma kwenye kioo. Aliambiwa sarafu mbili zilikwama mashineni. Kosa hilo kweli lipo: sarafu ikinasa kwenye chapa (chuma kinachogonga picha), inayofuata hupata picha yake kinyume. Ila hapo picha iliyozama huchukua nafasi ya simba, haimkalii juu. Kwa mjomba simba bado yupo, herufi zimemkandamiza, na ukigeuza, kichwa cha mfalme kimekuwa bapa palepale nyuma ya herufi, sikio limefutika. Hizo ni sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwenye jiliwa, kile chuma cha fundi cha kubania vitu.

Anazo pia senti kumi zenye tundu la pili. Tundu la kiwandani hutobolewa kabla chapa haijagongwa. Lake limekata herufi katikati, limeacha makali ya shaba, na ndani kunang'aa wakati sarafu nzima imefifia. Keekee hiyo. Ile senti kumi anayodai kiwanda kilisahau kuitoboa, "isiyo na tundu", itazame juani: utaona duara la kiraka.

Zilizomeguka ukingo, tafuta mistari ya tupa. Kipande cha chuma kilichokatwa vibaya kiwandani kabla ya kugongwa mara nyingi hudhoofisha pia ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo. Aliyepiga tupa ni vigumu kuigiza hilo.

Heller za Tabora za 1916 ndizo zinazowaponza wengi. Zilitengenezwa kwa haraka vitani, kwenye karakana ya reli, kwa hiyo chapa hafifu au iliyoenda upande ni kawaida yake. Usilipie ubovu huo kama ajabu.

Kabla ya kutoa hela, pelekeni kwa sonara akapime. Shilingi ya Afrika Mashariki ina takriban gramu 7.8, iliyolambwa na tindikali ili ionekane nyembamba itapungua. Mliokwisha kulipa msifute meseji wala risiti za muamala, nendeni nazo polisi.

Akikutafuta, mwombe picha ya upande wa pili na ya ukingo. Wote ninaowajua waliomwomba hizo wamefungiwa namba.