Riwaya ya mcheza dansi anayezeeka: uzoefu wangu na La Vagabonde

Nakala yangu ya La Vagabonde, riwaya ya mwandishi Mfaransa Colette, niliinunua kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake kando ya barabara, si mbali na Posta ya hapa Lubumbashi. Ni toleo la mfukoni; kurasa zake zimegeuka rangi ya chai na jalada lake limeshikiliwa kwa utepe wa gundi. Muuzaji aliniambia kuwa hicho ni kitabu cha mwanamke mhuni, na nadhani alisema hivyo ili nisibishane naye sana kuhusu bei. Nimekisoma mara mbili: mara ya kwanza peke yangu, kwa siku nne, sehemu kubwa kwa mwanga wa mshumaa kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, mara ya pili pamoja na wenzangu sita tunaokutana Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu kule Kamalondo. Nilichokisoma peke yangu na tulichokisoma pamoja vilikuwa kama vitabu viwili tofauti, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Hadithi yenyewe si ngumu kusimulia. Riwaya ilitoka mwaka 1910, na anayesimulia ni Renée Néré, mwanamke wa miaka 33 aliyekaa miaka minane katika ndoa na mchoraji mwenye jina kubwa, Adolphe Taillandy, mtu wa kumdanganya mkewe mchana kweupe, hadi siku alipoondoka. Zamani alikuwa mwandishi wa riwaya. Sasa, ili apate chakula na kodi ya nyumba, anacheza dansi na maigizo yasiyo na maneno katika kumbi za burudani za Paris, akishirikiana na Brague, mwigizaji mkali anayeijua kazi yake na asiyemvumilia mtu anayelegea. Anatokea tajiri mmoja asiye na kazi, Maxime Dufferein-Chautel, ambaye familia yake ina misitu; anampenda, anamfuata hadi chumba cha kuvalia, na hatimaye anataka kumwoa. Kabla ya kumpa jibu la mwisho, Renée anaondoka na wenzake kwa ziara ya maonyesho katika miji ya Ufaransa. Nitalazimika kuugusa mwisho huko mbele, kwa sababu ugomvi wetu mkubwa ulitoka hapo. Asiyetaka kuujua mapema na anisamehe.

Kinachomkamata msomaji ni mwanzo. Renée amemaliza kujipaka rangi mapema mno, zamu yake jukwaani bado, na mbele yake kuna kioo ambacho ndani yake ameketi mwanamke mwingine, uso umejaa poda, macho yamezungushiwa wanja, akimtazama kama mtu anayetaka kumwuliza jambo ambalo yeye hataki kulijibu. Niliposoma peke yangu niliona kurasa hizo kuwa maelezo mazuri na basi. Katika kikundi chetu, hata hivyo, yumo yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa hapa kwetu) ambaye kwa miaka mingi alicheza dansi nyuma ya bendi, hapa mjini na katika miji ya migodini, na ambaye leo anauza vyakula sokoni. Alisoma sehemu hiyo kwa sauti, polepole, kwa sababu Kifaransa chake ni cha darasani na si cha vitabu, akasimama katikati, akasema: “Huyu mwandishi amekaa kwenye kile chumba. Huwezi kuambiwa haya na mtu.”

Alikuwa na haki. Colette hakuambiwa na mtu. Alitengana na mumewe, Willy, mwaka 1906, akajitafutia riziki jukwaani akifundishwa maigizo ya kimya na Georges Wague, na mwezi wa Januari mwaka 1907 onyesho lake kwenye Moulin Rouge, Paris, lilizua ghasia ukumbini hadi polisi wakaingilia kati. Talaka yake ilikamilika mwaka uleule riwaya ilipotoka. Ndiyo maana watu wa nyuma ya pazia katika kitabu hiki wana uzito kuliko mpenzi mwenyewe: Bouty, mchekeshaji mwembamba anayeugua utumbo na kuishi kwa maziwa huku akiwachekesha watu kila usiku, Jadin, msichana mwimbaji wa mitaani anayetoroka na mwanamume kisha anarudi, na Brague, ambaye hazungumzii mapenzi wala ndoto, anazungumzia mazoezi, mikataba na saa za treni. Ningekuwa na uwezo, ningempunguzia Maxime kurasa hamsini na kuwagawia hawa.

Basi ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya umri. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenye wajukuu, alikikunja kitabu na kukiweka magotini. “Miaka 33 ndiyo uzee? Anajiangalia kwenye kioo na kulia kwa ajili ya mikunjo, na bado hajafika hata nusu ya safari. Mimi kwa hesabu yake nilizikwa zamani.” Tulicheka wote, na nakiri kwamba hata mimi niliposoma mara ya kwanza niliudhika na jinsi Renée anavyouhesabu uso wake kila asubuhi kana kwamba ni duka linalofilisika. Kijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayesomea sheria, aliongeza kwamba hayo ni malalamiko ya watu walioshiba. Mwalimu mstaafu wa Kifaransa akajaribu kueleza kwamba mwaka 1910 mambo yalikuwa tofauti, na kwa kweli maelezo yake hayakumridhisha mtu.

Yaya ndiye aliyetupa jibu, bila kupandisha sauti. Alisema kwamba mchezaji hazeeki kwa miaka, huzeeka kwa safu: alipofika miaka 28 kiongozi wa bendi alianza kumsogeza safu ya pili, kisha ya tatu, kisha akaambiwa awafundishe wasichana wapya hatua alizokuwa akizicheza yeye, na alipomaliza kuwafundisha hakuitwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba amezeeka. “Mama,” akamgeukia yule wa vitenge, “wewe duka lako linazidi kukua kadiri unavyozidi kujulikana. Langu lilikuwa magoti.” Tangu hapo nilirudi kwenye zile kurasa za kioo na kuzisoma upya kama hesabu ya mfanyakazi anayekagua chombo chake cha kazi, ambacho hakina akiba wala mbadala. Nadhani ndivyo zilivyoandikwa.

Hapo jina la mwimbaji Tshala Muana likaingia mazungumzoni, na lisingeweza kukosa, maana alizaliwa katika mji huu huu mwaka 1958, akaanza kama mcheza dansi katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love kabla ya kuwa malkia wa mutuashi, muziki na dansi ya Waluba, na alipofariki Kinshasa mwezi wa Desemba mwaka 2022 alikuwa amevuka miaka 60 na bado watu walimwita jukwaani. Mwalimu alimtaja ili kuonyesha kwamba umri si hukumu. Yaya hakukubali. Kwa maoni yake, mwenye jina lake mbele ya bendi huruhusiwa kuzeeka, na watu humwita Mama kwa heshima. Aliye nyuma yake hana jina la kuzeeka nalo. Mabishano haya yalichukua karibu saa nzima na kitabu kikasahaulika kidogo, lakini ni kitabu kilichoyaleta.

Sasa mwisho. Renée anaandika barua akiwa safarini, Maxime anamjibu, na katika mojawapo ya majibu hayo tajiri huyu, bila nia mbaya yoyote, anampelekea picha yake akicheza tenisi na msichana mdogo. Mwanamke anaitazama ile picha na kuona mbele yake miaka yote ya ndoa: yeye akizeeka, mume akibaki mzuri, na wasichana wasiokwisha kiwanjani. Mwishowe anarudi Paris usiku bila kumwambia, anaacha barua ya kuagana, na anaondoka tena kwenda kazini. Mama wa vitenge alikasirika waziwazi. Mwanamume asiye mlevi, asiyepiga, mwenye mali, anayekuja na pete, na huyu anamkimbia kwa sababu ya picha? Kijana wa sheria alimwita Renée mwoga. Mwingine wetu, mama wa kanisa asiyesema sana, alisema kwamba mwanamke wa jukwaani hapa kwetu huitwa ndumba, yaani malaya, hata akiwa ametulia kuliko wake za watu, na kwamba pete ya Maxime ingemfutia Renée jina hilo. Kwa hiyo kuikataa kulihitaji moyo, hata kama yeye binafsi asingefanya hivyo. Alikumbusha pia kwamba Colette mwenyewe, aliyechaguliwa katika Académie Goncourt, jopo la waandishi wa Ufaransa linalotoa tuzo ya riwaya, mwaka 1945 na kuwa rais wake mwaka 1949, alipofariki mwaka 1954 alipewa mazishi ya taifa la Ufaransa huku Kanisa Katoliki likimnyima ibada. Alilisema hilo kwa huzuni, na mimi sikujua kama alimhuzunikia marehemu au Kanisa lake.

Mimi nasimama karibu na mama wa kanisa, kwa sababu nyingine. Ukisoma kwa makini, Renée haikatai ndoa kwa ajili ya ile picha peke yake. Katika kurasa za safari, hasa anapokuwa Nîmes, anagundua kwamba ameona kitu kizuri na kukifurahia bila kumkumbuka Maxime kwanza, na kwamba maneno ya kukieleza yamemjia kama yalivyokuwa yakimjia alipokuwa mwandishi. Kinachorudi mikononi mwake ni kazi. Msomaji anayetafuta hadithi ya mapenzi hataliona hilo, ataona mwanamume mwema akiachwa, na atalalamika kwa haki kabisa kwamba kurasa za mwisho zinamchelewesha.

Maana zinachelewesha kweli. Sehemu ya tatu, ambayo kwa kiasi kikubwa ni barua, inajirudia. Mara tatu nilidhani Renée ameamua, mara tatu akaanza upya. Maxime naye hakuchongwa vizuri. Hata jina la dhihaka ambalo Renée anampa mwanzoni lina uhai kuliko yeye. Tena lugha ya wasanii wa wakati ule imejaa misemo ya mitaa ya Paris ambayo kamusi ndogo haiwezi kuifungua, na nakala yangu haina maelezo yoyote chini ya kurasa. Asiyezoea Kifaransa cha vitabu atapata taabu katika kurasa thelathini za kwanza. Mmoja wetu aliacha hapo hapo, akasema hakuna kinachotokea, na hatukumlazimisha.

Lipo pia jambo ambalo Yaya alilitaja na ambalo sijaweza kulisahau. Renée ana Margot, dada wa mume wake wa zamani, anayemsaidia kwa fedha. Jadin hana Margot. Kitabu kinawapenda maskini wa jukwaani, kinawaona njaa yao na kiburi chao, lakini kinawatazama kwa jicho la mwanamke ambaye akianguka kuna mkono wa kumdaka. Yaya hakulisema hilo kama kosa. Aliuliza tu ni nani aliyeandika kitabu cha Jadin, na sisi sote tukanyamaza.

Kama ni kutoa alama, nakipa nane juu ya kumi, na mama wa vitenge anakipa tatu, moja kati yake ikiwa ya mbwa wa Renée, Fossette, ambaye anasema ndiye mwenye akili humo ndani. Msomaji anayefanya kazi ya jukwaa, au aliyewahi kuifanya, akinunue bila kusita. Anayetaka harusi mwishoni ahifadhi franka zake.

Nakala yenyewe siko nayo kwa sasa. Yaya aliiazima wiki tatu zilizopita, na Jumamosi iliyopita alikuja nayo ili tuangalie tena ile sehemu ambapo Brague anajadiliana na wakala Salomon kuhusu malipo. Pembeni mwa ukurasa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa tarakimu ndogo zilizopangwa chini kwa chini, alicholipwa yeye kwa usiku mmoja, mji kwa mji. Nilimwambia akae nayo.