TikTok, Instagram na WhatsApp kwa muuzaji wa korosho Mtwara: uzoefu wangu

Nianze na hukumu yangu: TikTok inaleta watu, WhatsApp inaleta hela. Instagram naiweka ya tatu. Hapa nazungumzia korosho zilizobanguliwa, zinazouzwa kutoka Mtwara na kupanda basi kwenda kwa wateja wa Dar es Salaam na Dodoma.

TikTok haijali sana una wafuasi wangapi. Video inaonjeshwa kwa watu wachache. Wakiitazama mpaka mwisho, inasogezwa kwa wengine. Kwa hiyo achana na "habari zenu wapendwa". Fungua na korosho moja ikivunjwa kwa vidole karibu na maiki ya simu: ule mlio wa "ka!" unamwambia mteja imekauka sawasawa. Piga asubuhi, mlangoni, penye kivuli. Jua la saa sita linaifanya korosho ionekane kama chaki. Tandika kanga ya rangi nzito au tumia ungo, maana kwenye sahani nyeupe punje zinapotea. Bei, uzito, na kama ni nzima au vipande, viandike juu ya video yenyewe, la sivyo utashinda ukijibu "bei gani?" za watu wasionunua.

Sasa ugomvi wa wakubwa unaotuumiza sisi wadogo. Instagram ilileta Reels (sehemu yake ya video fupi) mwaka 2020 kupambana na TikTok, na mwaka 2021 ikatangaza kuwa video zenye nembo ya mtandao mwingine hazitapendekezwa sana kwa watu wapya. Bado wauzaji wanapakua video yao TikTok, wanaipandisha Reels na nembo ikirukaruka pembeni, kisha wanalaumu bando. Dawa yake: rekodi kwa kamera ya kawaida ya simu, ihariri, ihifadhi, ndipo uipandishe kila mtandao peke yake. Ukihariri kwa CapCut (ambayo nayo ni ya ByteDance, mwenye TikTok), futa kile kipande cha mwisho chenye jina lao. Wimbo uongeze ukiwa ndani ya mtandao husika.

Kosa linalopoteza wateja wengi zaidi ni kiungo cha WhatsApp. Kinaandikwa wa.me/255 kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ukiiweka ile sifuri, mteja anaambiwa namba haipo. Instagram kiweke kwenye wasifu, kwa sababu kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki. Facebook kinabonyezeka hata ndani ya posti, na huo ndio uzuri wake pekee kwangu.

WhatsApp Business ndiyo duka lenyewe, na ni bure. Katalogi inabeba bidhaa hadi 500, lakini tano zinatosha: nzima mbichi, nzima za kukaanga, zenye chumvi, vipande, na za jumla. Tengeneza majibu ya haraka. Ukiandika mkwaju (/) yanajitokeza, unachagua lenye bei na namba ya malipo. Orodha ya matangazo (broadcast, ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi) inachukua watu 256, ila ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila anayelipa mwombe aihifadhi. Usiwatumie ujumbe watu usiowajua: wakikuripoti, akaunti inaweza kufungwa na wateja wote wakaenda nayo. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu 6, maana matapeli wanapenda sana akaunti za biashara. Ile PIN, pamoja na namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, usimpe mtu, hata ajiite nani.

Mzigo ukishapakiwa, piga picha risiti ya basi, namba ya gari ionekane, mtumie mteja kabla gari halijafika Nangurukuru, kule Kilwa njiani kwenda Dar. Usipofanya hivyo, andaa chaji ya kutosha kwa simu za "mzigo umefika wapi?"